Siku tatu za Halley: kwa nini mtu wa kometi huulizia mitetemo ya fuwele

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma fizikia mwaka wa pili. Nimekutana na wasifu wa mtafiti ambaye kazi zake zimegawanyika mafungu mawili: mwendo wa kometi, na mitetemo ya latisi katika yabisi zenye fuwele. Wenzangu wanasema huyo alihama fani tu, kwa sababu kometi ni bonge la kilomita nyingi linalozunguka Jua, na atomu hata haionekani. Je, kuna uhusiano wa kweli kati ya hayo mawili, au ni mtu mmoja mwenye mapenzi mawili?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Huyo mtafiti wako simfahamu, na wapo waliohama fani kwa sababu tu fedha za utafiti zilihama. Lakini uhusiano unaouulizia upo, tena si wa kutafutiza. Uko sehemu mbili: kwenye hesabu na kwenye barafu. Ule wa hesabu wengi wanaujua nusunusu. Ule wa barafu ndio ninaoupenda, kwa kuwa ndio uliokuja kufumbua kosa la siku tatu lililowasumbua wakokotozi hodari walipotabiri kurudi kwa kometi ya Halley mwaka 1910.

Kwanza tuwekane sawa kwa maneno, maana hata magazeti huyachanganya. Kometi si kimondo. Kimondo ni kijiwe kinachowaka kikiingia katika hewa ya Dunia, na kwa sekunde chache kimekwisha. Kometi ni bonge la barafu na vumbi, mara nyingi la kilomita kadhaa, linalozunguka Jua na kuonekana kwa majuma au miezi. Latisi nayo ni ule mpangilio wa atomu ndani ya fuwele, kila moja na nafasi yake, unaojirudia kila upande kama ulivyo kwenye chumvi au almasi. Atomu hizo hazitulii. Kila moja hutikisika mahali pake mara trilioni kadhaa kwa sekunde, na kwa kuwa zimeshikana, mtikisiko wa moja ni wa jirani pia.

Sasa hesabu. Newton anasema kani ikigawanywa kwa masi unapata mchapuko. Sheria fupi, lakini ina mtego: kani yenyewe hubadilika kadiri kitu kinavyosogea, kwa hiyo huwezi kujua kilipo mpaka ujue kani, wala huwezi kujua kani mpaka ujue kilipo. Kometi moja na Jua moja, fomula ipo, nayo hutoa duaradufu safi. Ongeza sayari ya Mshtarii kwenye picha, fomula imekufa. Vivyo hivyo kwa atomu: zifunge kwa springi kamilifu, yaani ambazo mvuto wake huongezeka sawasawa na umbali, na mambo yananyooka, lakini springi za kweli ndani ya fuwele si kamilifu, na hapo fomula inakufa tena. Kinachobaki ni kutembea hatua kwa hatua.

Kanuni ya kutembea ni hii. Chukua mahali kitu kilipo sasa, zidisha kwa mbili, toa mahali kilipokuwa hatua moja nyuma, kisha ongeza mchapuko uliozidishwa kwa mraba wa muda wa hatua. Umepata kitakapokuwa. Rudia.

Usiniamini kwa maneno, chukua kalamu. Funga kitu kwenye springi, kivute sentimita 10 kutoka mahali pake pa utulivu, kiachie. Tuseme tumechagua springi, masi na hatua hivi kwamba mchapuko ukizidishwa kwa mraba wa hatua ni sehemu moja ya kumi ya umbali, na daima unavuta kurudi katikati. Kwa kuwa kitu kimeanza bila mwendo, hatua ya kwanza ni nusu tu ya mvuto huo: 10 inakuwa 9.5. Kuanzia hapo kanuni inajiendesha yenyewe. Mara mbili ya 9.5 ni 19. Toa 10, toa 0.95, unapata 8.05. Mara mbili ya 8.05 ni 16.1, toa 9.5, toa 0.805, unapata 5.795. Endelea na utapata 2.96, halafu −0.17. Kitu kimevuka katikati. Umekokotoa robo nzima ya mtetemo bila kugusa saini wala kosaini. Jibu kamili linasema kingevuka baada ya hatua 4.97, hizi zetu za kalamu zinasema 4.95. Kwa hatua kubwa kiasi hicho, si haba.

Kanuni hii hii ndiyo Philip Cowell na Andrew Crommelin wa kituo cha kuangalia nyota cha Greenwich, Uingereza, waliitumia kuikokotoa kometi ya Halley kabla ya kurudi kwake mwaka 1910. Na kanuni hii hii ndiyo Loup Verlet aliitumia mwaka 1967 kufuatilia atomu 864 ndani ya kompyuta, akiiga kimiminika cha argoni. Siku hizi wanafunzi wa fizikia ya yabisi huiita kanuni ya Verlet na kutikisia fuwele nayo asubuhi hadi jioni, wengi wao hawajui kwamba ilishawahi kubeba kometi. Kinachotofautiana ni urefu wa hatua. Mtu wa kometi anaweza kupiga hatua ya siku nzima akiwa mbali na Jua. Mtu wa atomu hatua yake ni kama sehemu moja ya mia ya trilioni moja ya sekunde. Anayeandika programu hubadilisha mstari mmoja tu, ule unaotaja kani.

Kabla ya kompyuta kazi hii ilikuwa ya jasho. Edmond Halley alitabiri kwamba kometi aliyoiona mwaka 1682 ingerudi karibu na mwisho wa 1758. Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na Nicole-Reine Lepaute wakakaa miezi wakihesabu kwa mkono athari za sayari mbili kubwa. Walikuta kwamba Mshtarii ingeichelewesha siku 518, na Zohali siku 100 nyingine. Wakatangaza kwamba ingefika karibu kabisa na Jua katikati ya Aprili 1759, wakajiwekea nafasi ya kukosea mwezi mmoja. Ikafika Machi 13. Lepaute anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa, maana sehemu kubwa ya jasho hilo lilikuwa lake.

Kuna mrithiano mwingine wa hesabu, nao umejificha ndani ya neno. Kizazi cha wanahisabati Lagrange na Laplace kilitaka kujua obiti za sayari hubadilikaje polepole kwa mamia ya karne. Badala ya kufuata kila sayari peke yake, walitafuta mabadiliko ya pamoja, yale ambayo mfumo mzima huyumba kwa mwendo mmoja. Mlinganyo unaotoa mwendo wa kila yumbo waliuita wa sekula, kutoka Kilatini saeculum, yaani zama. Mwaka 1912 Max Born na Theodore von Kármán walipotafuta mitetemo ya pamoja ya latisi, mlinganyo uliojitokeza ulikuwa wa umbo lile lile, na mpaka leo watu wa fuwele huuita mlinganyo wa sekula. Mtetemo unaokwisha ndani ya sehemu ya trilioni ya sekunde una jina la zama na karne! Nikiwafundisha wanafunzi jambo hili hucheka, halafu hawasahau tena.

Ukiutatua kwa mnyororo mrefu wa atomu zinazofanana, unapata jambo la kupendeza: mnyororo una kikomo. Mawimbi marefu husafiri ndani yake kama sauti ya kawaida. Kadiri wimbi linavyofupika ndivyo atomu zinavyotikisika haraka, lakini ongezeko linapungua, mpaka unafika mahali ambapo kila atomu inakwenda kinyume na jirani zake wawili. Hapo ndipo mwisho. Huwezi kuutikisa mnyororo upesi zaidi ya hapo ukapata wimbi linalosafiri.

Turudi mwaka 1910. Cowell na Crommelin walikuwa makini kupita kiasi, sayari zote muhimu zimo, lakini kometi ikafika karibu na Jua ikiwa imechelewa takriban siku 3 kuliko walivyosema. Siku tatu katika safari ya miaka 76 ni kitu kidogo, ungeweza kusema hewala na kufunga daftari. Lakini makosa yao ya hesabu hayakuwa makubwa hivyo. Kulikuwa na kitu kinachoisukuma kometi ambacho si uvutano.

Dalili zilikuwapo zamani. Johann Encke alikuwa ameonyesha kwamba kometi yenye jina lake, inayozunguka Jua kwa miaka 3.3, kila mzunguko huwahi kwa kama saa mbili na nusu. Alidhani anga za juu zimejaa kitu chepesi kinachoikwaza. Wazo hilo halikuwa la kipuuzi: kitu kikikwazwa hupoteza nishati, hushuka karibu na Jua, na obiti ndogo huzungukwa upesi. Friedrich Bessel alikuwa na wazo lingine. Alipoiangalia Halley mwaka 1835 aliona michirizi kama miale ikiruka kutoka kichwani mwake kuelekea Jua, akapendekeza mwaka 1836 kwamba kinachotoka upande mmoja huisukuma kometi upande wa pili, kama roketi. Hakusikilizwa sana. Ilibidi kusubiri mpaka 1950, Fred Whipple alipoeleza kwamba kiini cha kometi ni bonge gumu la barafu na vumbi, linalojizungusha.

Hapa nenda nami polepole. Jua linapiga barafu, barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, mvuke unaruka na kusukuma kiini kinyume. Kama barafu ingeitikia joto papo hapo, msukumo ungekuwa mkubwa pale penye adhuhuri, na ungeisukuma kometi moja kwa moja mbali na Jua tu. Lakini joto hukawia. Sehemu yenye moto zaidi ni ile iliyokwisha kupita adhuhuri, ya alasiri, kama unavyojua mwenyewe kwamba saa sita si saa yenye joto kuliko zote. Kwa hiyo msukumo unakaa upande kidogo, na sehemu yake inaangukia kwenye njia ya obiti. Ikiwa kiini kinajizungusha kwa mwelekeo ule ule kinaolizungukia Jua, msukumo wa alasiri hukipeleka mbele. Na hapa watu hukwama: kusukumwa mbele huichelewesha kometi. Inapata nishati, obiti inapanuka, na obiti kubwa huchukua muda mrefu zaidi. Ndiyo hali ya Halley, inayopoteza kama siku 4 kila mzunguko. Ikijizungusha kinyume, inawahi, kama Encke. Picha hii ya Whipple ni rahisi mno. Leo tunajua kwamba umbo la kiini na majira yake, yaani mwinamo wa mhimili kuelekea Jua, vina mkono mkubwa vilevile. Lakini mzizi wake haujang'oka.

Sasa jiulize: joto hukawia kwa kiasi gani? Hilo si swali la anga tena. Ni swali la barafu inavyopitisha joto, na barafu, kwa kuwa haina elektroni huru kama shaba, hupitisha joto kwa mitetemo ya latisi peke yake. Vifurushi vya nishati ya mitetemo hiyo huitwa fononi. Si njia duni ya kupitisha joto, ukidhani hivyo: almasi haina elektroni huru, lakini hupitisha joto kuliko shaba, mara kadhaa, kwa fononi tupu.

Rudolf Peierls alieleza mwaka 1929 kinachozikwaza fononi. Zenyewe kwa zenyewe hugongana, na migongano ya aina fulani hurudisha joto lilikotoka. Fuwele ikiwa na joto jingi fononi ni nyingi, migongano ni mingi, joto hupita kwa shida. Ikipoa, njia inafunguka. Barafu ya fuwele karibu na nyuzi sifuri hupitisha kama wati 2 kwa mita kwa kelvini. Kwenye kelvini 100, yaani nyuzi −173, hupitisha karibu wati 6. Kwa hiyo kometi ikiwa mbali na Jua, barafu yake ya fuwele hupitisha joto vizuri kuliko inapokaribia. Mtu anayetumia namba moja kwa safari nzima anajidanganya, na nimekagua kazi zaidi ya moja za namna hiyo.

Halafu kuna hila nyingine. Si barafu yote ina fuwele. Mvuke wa maji ukiganda kwenye baridi kali sana, molekuli hukwama popote zilipoangukia, bila mpangilio. Hiyo huitwa barafu amofasi. Haina latisi, kwa hiyo fononi hazina barabara ndefu ya kupita, na joto hupenya kwa taabu sana. Ukiipasha ifike kama kelvini 120 hadi 140, molekuli hupata nafasi ya kujipanga, barafu inakuwa fuwele, na katika kujipanga huko inatoa joto lake yenyewe na kuachia gesi zilizonaswa ndani. Mwezi Februari 1991 kometi ya Halley ilikuwa mbali na Jua zaidi ya Zohali, mara 14 ya umbali wa Dunia, mahali ambapo barafu ya maji haiwezi kugeuka mvuke kwa Jua lile dhaifu. Ikang'aa ghafla. Dina Prialnik na Akiva Bar-Nun walieleza tukio hilo kwa barafu amofasi iliyogeuka fuwele ndani ya kiini. Mwaka 2023 Jennifer Bergner na Darryl Seligman walipendekeza kitu cha jamii hiyo kwa 'Oumuamua, mgeni aliyepita kwenye mfumo wa Jua mwaka 2017 akiongeza mwendo bila mkia kuonekana: hidrojeni iliyonaswa katika barafu na kuachiwa molekuli zilipojipanga upya. Wapo wanaolipinga, na mjadala huo bado una moto. Lakini tazama hoja yenyewe ilivyo: ni mwendo angani unaoelezwa kwa mpangilio wa molekuli.

Usije ukaondoka na picha kwamba kiini cha kometi ni fuwele moja kubwa inayong'aa. Chombo Rosetta kilipoifikia kometi 67P mwezi Agosti 2014 kilikuta kitu chenye wingi wa nusu tu ya maji kwa ujazo ule ule, yaani sehemu kubwa ni uwazi mtupu. Joto linapaswa kuruka kutoka punje hadi punje kwenye vigusano vidogo, na uso wake hupitisha joto vibaya mno, hata joto la mchana haliingii zaidi ya sentimita chache. Mvuke wake ulikuwa na nguvu ya kutosha kubadilisha urefu wa siku ya kometi hiyo kwa kama dakika 20 ilipopita karibu na Jua mwaka 2015. Kwa hiyo fononi ndani ya punje ni sehemu ya hadithi. Sehemu nyingine ni punje zinavyogusana. Watu wa obiti mara nyingi huyafunika yote hayo kwa namba tatu, walivyofanya Brian Marsden, Zdenek Sekanina na Donald Yeomans mwaka 1973: msukumo wa kutoka kwenye Jua, wa kufuata obiti, na wa kuipinda juu au chini, zote zikipungua kadiri kometi inavyokwenda mbali na Jua, kwa mkunjo wa grafu uliotokana na barafu ya maji inavyogeuka mvuke. Inafanya kazi. Ila namba hizo hupatikana kwa kuangalia kometi ilikopita, hazikuambii kwa nini.

Fani hizi zinaachana mahali pamoja pakubwa. Kometi haihitaji mekanika ya kwanta, ile fizikia ya vitu vidogo sana. Fuwele inaihitaji. Dulong na Petit walitangaza mwaka 1819 kanuni ambayo kwa vipimo vya leo inasema moli moja ya yabisi sahili huhitaji karibu juli 25 kupanda kelvini moja. Almasi ikakataa, ikaridhika na kama 6 kwenye joto la chumbani. Einstein alieleza ukaidi huo mwaka 1907: mitetemo hupokea nishati kwa mafungu, na atomu za almasi, kwa kuwa zimebanwa sana, zina mafungu makubwa ambayo joto la chumbani haliwezi kuyanunua. Peter Debye akarekebisha hesabu mwaka 1912 kwa kuingiza mawimbi marefu. Hakuna cha namna hiyo kwa kometi. Yenyewe ina balaa lake, la kupita karibu na sayari kubwa. Kometi ya Lexell, iliyoonekana mwaka 1770, ilisogezwa karibu nasi na Mshtarii mwaka 1767, na mwaka 1779 Mshtarii hiyo hiyo ikaitupa. Haijaonekana tena.

Na mahali pengine zinakutana bila mtu kupanga. Huko Los Alamos, maabara ya Marekani, Enrico Fermi, John Pasta na Stanislaw Ulam, pamoja na Mary Tsingou aliyeandika programu, walitikisa ndani ya kompyuta mnyororo wa masi zisizozidi 64 zenye springi zisizo kamilifu. Walitarajia nishati waliyoiweka kwenye mtetemo mmoja itasambaa kwa mitetemo yote, kama joto linavyosambaa. Ikasambaa kidogo, halafu ikarudi karibu yote ilikoanzia. Ripoti ilitoka 1955, Fermi akiwa ameshafariki. Ufafanuzi wa ajabu hiyo unahusishwa na nadharia aliyoianzisha Andrei Kolmogorov mwaka 1954, kuhusu miendo inayokataa kuvurugika hata ikisukumwa kidogo. Swali lililokuwa nyuma ya nadharia hiyo ni la kale: je, sayari zitabaki kwenye obiti zake?

Uliniuliza kama ni mapenzi mawili. Ukitaka kujionea, andika programu ya masi 32 kwenye mstari, tumia kanuni ile ya 9.5 na 8.05, uangalie nishati inavyorudi. Kisha futa springi, weka mvuto wa Jua na wa Mshtarii, mpe kitu kimoja obiti ya miaka 76. Mwisho ongeza msukumo mdogo wa alasiri, uone kinachelewa siku ngapi. Halley ilifika mwisho wa mbali wa obiti yake mwezi Desemba 2023 na imeshaanza kurudi. Itapita karibu na Jua mwishoni mwa Julai 2061, kwa hiyo una muda wa kutosha wa kurekebisha programu yako.